Zuio la Baraza ninalo mkononi, siku za rufaa zimepita na jirani anashusha mawe. Nifanyeje?

Swali limekuja tarehe 10 Julai, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo wakili. Mimi niko Bagamoyo. Nilifungua kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya dhidi ya jirani aliyemega shamba la marehemu mama yetu, kama ekari moja na nusu hivi. Baraza likanipa zuio asifanye chochote mpaka kesi ya msingi iamuliwe. Tarehe 14 Machi mwaka huu hukumu imesomwa nikiwepo, nimeshindwa. Tarehe 18 nikaandika barua kuomba nakala, nimeipata 20 Mei. Wakili wangu alisema tunakata rufaa nikamlipa, baadae simu hapokei, juzi ndo nimejua hakuna rufaa yoyote. Hapo katikati, Juni, mwanangu alilazwa. Sasa jirani kashusha mawe na mchanga, na Baraza wameniletea wito wa tarehe 21 Julai nikaeleze kwa nini hukumu isikaziwe. Watu wananichanganya, huyu anasema siku za rufaa ni 14, huyu 30, huyu 45, huyu 60. Lakini zuio ninalo, lina muhuri kabisa. Naweza kwenda nalo polisi wamsimamishe? Na mahindi niliyopanda kwenye hicho kipande itakuwaje?"

Marahaba dada yangu, pole na mwanao pia, natumaini kapona.

Nianze na hilo zuio maana naona ndo umelishikilia na ndo litakalokupotezea muda zaidi. Halipo. Karatasi ipo, muhuri upo, ila nguvu yake iliisha tarehe 14 Machi ile Mwenyekiti wa Baraza alipomaliza kusoma hukumu. Soma mwenyewe maneno yake, umeniandikia hapo juu, "mpaka kesi ya msingi iamuliwe", sasa kesi imeamuliwa. Zuio la muda linaishi kwa mgongo wa kesi, kesi ikiisha, iwe kwa hukumu au kwa kufutwa, na lenyewe linaondoka hapohapo bila mtu kuja kukwambia. Na hata kesi ingekuwa bado inaendelea ningekuuliza zuio la lini, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 37, inasema zuio lisizidi miezi sita, na likiongezwa basi jumla yake isivuke mwaka mmoja. Watu wengi hawalijui hili, wanapewa zuio 2021 wanaliweka kwenye bahasha chini ya godoro, 2024 wanalitoa wanashangaa mbona mtu kajenga mpaka lenta. Lilikuwa linatakiwa kuombewa nyongeza kabla halijaisha, hakuna anayekukumbusha.

Kwa hiyo polisi usiende nalo. Wakisoma tarehe watakurudisha, na jirani akijua umeenda na karatasi iliyokufa atakuja kulisema hilo mbele ya Jaji kuonyesha wewe ni mtu wa kubabaisha. Polisi nenda kama amekuja na vijana wa kukutoa kwa nguvu, kukata mazao, kukutishia na panga, hiyo ni jinai na haihusiani na nani mwenye shamba. Maana na yeye kushinda hakumpi ruhusa ya kukutoa mwenyewe. Aliyeshinda anaomba kukazia hukumu, yani itekelezwe, Baraza linatoa amri ya kukupa siku 14 utii kwa hiari, usipotii ndo anakuja dalali wa kutekeleza amri. Hizo ndo siku 14 ulizosikia huko mtaani, sio za rufaa.

Nimalizie hizo namba nyingine ili zisikusumbue. 30 ni za mtu ambaye kesi ilisikilizwa upande mmoja au ilifutwa kwa sababu hakutokea, huyo harukii rufaa, anarudi Baraza hilohilo ndani ya siku 30 kuomba amri iondolewe, ipo kanuni ya 11 ya zile kanuni za Mabaraza, Tangazo la Serikali (GN) namba 174 la 2003, na akikataliwa pale ndo anapanda Mahakama Kuu. Wewe ulikuwepo, ulisikilizwa, mlango huo sio wako. (30 nyingine ni za notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani, bado hujafika huko.) 60 ni pale Baraza la Wilaya lilipokaa lenyewe kama la rufaa, yani kesi ilianzia Baraza la Kata, na hizo zinazidi kupungua kwa sababu tangu marekebisho ya 2021 Kata haina tena uwezo wa kuamua, inasuluhisha tu. Kesi yako ilianzia Wilaya, kwa hiyo ni 45 tangu siku ya uamuzi, kifungu cha 41 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Ukitafuta kifungu angalia umeshika toleo gani la sheria maana kwenye matoleo namba huwa zinasogea.

Sasa tuhesabu. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, tunaanza 15 Machi. Machi inakupa siku 17, Aprili 28, jumla 45. Kwa hiyo kwa hesabu kali siku yako ya mwisho ilikuwa 28 Aprili na leo tarehe 10 Julai umechelewa siku 73.

Ila kuna hesabu ya pili. Sheria ya Ukomo, kifungu cha 19, inasema ule muda uliokuwa unasubiri nakala unaondolewa kwenye hesabu. Uliomba 18 Machi, imekuwa tayari 20 Mei. Hapo ulikuwa umetumia siku 4 tu, zimebaki 41, ukianza kuhesabu 21 Mei unafika 30 Juni. Mahakama ya Rufani imeshawahi kusema kuuondoa huo muda kunajiendesha kwenyewe, huhitaji kuomba, ilimradi tarehe zote zionekane kwenye kumbukumbu, barua ya kuomba ina muhuri wa kupokelewa na nakala imeandikwa lini ilikuwa tayari. Kwa hesabu hii umechelewa siku 10 tu badala ya 73.

Mi sikushauri hata kidogo uegemee hiyo ya pili peke yake, kwa rufaa zinazotoka Mabarazani majaji wamekuwa wakitofautiana kama nakala ni lazima iambatanishwe au sio lazima, na kama sio lazima basi atakuuliza ulikuwa unasubiri nini. Na kwa vyovyote, hata kwa hesabu inayokupendelea, umechelewa. Kwa hiyo usifungue rufaa moja kwa moja ukidhani utaeleza mbele ya safari. Rufaa iliyofunguliwa nje ya muda bila ruhusa inatupwa kwa pingamizi la dakika tano na utakuwa umepoteza miezi mingine mitatu. Unaenda Mahakama Kuu, sio Baraza, kuomba kuongezewa muda. Hili narudia kwa sababu nimeona watu wanapeleka maombi ya kuongezewa muda kwa Mwenyekiti yuleyule aliyetoa hukumu, hana hayo mamlaka, sheria imempa Mahakama Kuu, na inaweza kukuongezea kabla ya siku 45 kuisha au hata baada, "kwa sababu za msingi".

Sababu za msingi ni zipi, hapo ndo kazi ilipo. Kipimo kinachonukuliwa kila siku ni cha kesi ya kampuni ya ujenzi ya Lyamuya na wadhamini wa YWCA, maombi namba 2 ya 2010 Mahakama ya Rufani. Kwa lugha ya nyumbani ni kwamba ueleze muda wote uliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupitiliza, uonekane ulikuwa unahangaika sio umelala, na kama kuna sababu nyingine kubwa mfano hukumu yenyewe ina kasoro ya kisheria, useme. Na "muda wote" maana yake wote kweli, Mahakama imesharudia mara nyingi kwamba hata siku moja lazima iwe na maelezo, la sivyo kuweka ukomo hakuna maana.

Watu wanakosea hapa kwa namna moja tu, karibu wote. Wanaeleza vizuri sana muda wa mwanzo, nakala ilichelewa, wakili alinitelekeza, mtoto aliugua, halafu wanasahau siku za mwisho. Nilikuwa na mteja alieleza miezi minne kamili, kila wiki na karatasi yake, tukadondoka kwenye siku 9 kati ya siku aliyotoka hospitali na siku ya kusajili maombi. Jaji akauliza hizi 9 ulikuwa wapi, kwenye hati ya kiapo, yani yale maelezo ya maandishi unayoyaapia, hakuna. Mi nikasimama kueleza kwamba alikuwa anatafuta nauli, Jaji akaniambia wakili maneno yako sio ushahidi. Na alikuwa sahihi. Kisichokuwepo kwenye kiapo hakipo, huwezi kukichomeka kwa mdomo. Ndo maana sasa hivi kabla sijaandika mstari wowote namkalisha mteja na kalenda ya ukutani tunaweka alama siku kwa siku.

Na wewe fanya hivyo leo usiku. Chukua kalenda anza 20 Mei. Tarehe ngapi ulipeleka nakala kwa wakili, ulimlipa lini, kwa simu au taslimu, kama ni kwa simu kachukue taarifa ya miamala. Meseji za wasap ulizomuuliza "vipi rufaa" usifute hata moja, piga picha ya skrini ionyeshe tarehe. Mtoto kalazwa lini katoka lini, karatasi ya kuruhusiwa ipo, sio cheti tu cha kliniki. Uligundua lini kwamba hakuna rufaa, na uligunduaje, ulienda masjala au nani alikwambia. Ukisema karani wa masjala ndo kakwambia, basi ama karani aape kiapo chake, ama upate kitu cha maandishi, kwa sababu kumtaja mtu kwenye kiapo chako bila yeye kuapa ni uvumi tu mbele ya Mahakama. Hivyohivyo kwa shemeji aliyekaa na wewe hospitali, aape na yeye, kurasa mbili tu zinatosha.

Kuhusu wakili kukutelekeza nikwambie ukweli hata kama unauma. Uzembe wa wakili peke yake kwa kawaida haukubaliki kama sababu, Mahakama inasema ulimchagua mwenyewe na kesi ni yako, ulitakiwa ufuatilie. Kinachoweza kukusaidia ni kuonyesha ulifuatilia, ndo maana hizo meseji zina thamani kuliko malalamiko. Kwa hiyo kwenye kiapo usitumie kurasa tatu kumtukana, andika tarehe, andika ulichofanya. Kumshtaki kwenye Kamati ya Mawakili unaweza na pengine unapaswa, ila hiyo ni safari nyingine, haikurudishii siku hata moja. Na usiandike "sikujua sheria" wala "sikuwa na hela", hizo mbili zimekataliwa mara nyingi sana.

Halafu kuna hii ya kasoro kwenye hukumu, ambayo kwako naiona inaweza kuwa na uzito kuliko zote. Tangu kesi ya Wizara ya Ulinzi iliyopo kwenye ripoti za sheria za 1992, kama hukumu inalalamikiwa kuwa na uharamu wa kisheria hiyo yenyewe inatosha kuongezewa muda ili uangaliwe. Ila wameshaibana, siku hizi lazima uonekane palepale juu ya uso wa kumbukumbu, sio wa kutafutwa kwa hoja ndefu, na "Baraza halikuamini mashahidi wangu" sio uharamu, hiyo ni sababu ya rufaa ya kawaida. Chukua nakala ya mwenendo, yani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa kwenye kesi, sio hukumu tu, uangalie wazee wa baraza, wale wanaokaa na Mwenyekiti na kumpa maoni. Kama walikaa wawili kwenye kesi yako, je, maoni yao yaliandikwa, na yalisomwa mbele yenu kabla ya hukumu? Kuna wimbi la hukumu za Mabaraza zilizofutwa na Mahakama ya Rufani kwa jambo hilohilo tu, Mwenyekiti anaandika "nimezingatia maoni ya wazee" lakini ukitafuta kwenye faili siku waliyoyasoma huioni. Angalia pia kama mzee aliyeanza na kesi ndo aliyemaliza nayo.

Na kuna swali nakuuliza mimi. Umesema shamba la marehemu mama. Ulifungua kesi kwa jina lako kama nani? Una barua za usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo au ulienda tu kama mtoto? Kwa sababu mali ya marehemu anayeidai ni msimamizi, mtoto peke yake hata awe kifungua mimba hana miguu ya kusimama. Kama hukuwa nazo hiyo ni kasoro ya kisheria, na inaonekana palepale. Sasa kiajabu inakuuma na kukufaa kwa wakati mmoja, Mahakama Kuu inaweza kufuta mwenendo mzima pamoja na hukumu ya jirani, anabaki bila ushindi, na wewe unabaki bila kesi, unaenda kuchukua usimamizi unaanza upya, ukichunga miaka 12 ya kudai ardhi isiwe imepita. Kwa wengine hiyo ni hasara. Kwa mtu anayeshushiwa mawe shambani inaweza kuwa nafuu kubwa. Nijibu hili kwanza kabla ya kitu kingine chochote maana linabadilisha namna ya kuandika maombi.

Haya, tuje kwenye mawe na mchanga. Kufungua maombi ya kuongezewa muda hakumsimamishi mtu. Hata rufaa yenyewe ikishafunguliwa haimsimamishi, watu wengi wanadhani ukikata rufaa kila kitu kinaganda, hapana, mpaka uombe na upewe amri ya kusimamisha utekelezaji. Kwa hiyo ni maombi mawili, sio moja, na hili la pili linaenda na hati ya dharura, karatasi ya kueleza kwa nini lisikilizwe haraka. Na liite jina lake, kusimamisha utekelezaji, usiombe tena "zuio" kama lile la mwanzo, lile lilikuwa la kulinda shamba wakati kesi inasikilizwa na kipimo chake ni kingine. Humu utaonyesha hasara kubwa utakayopata isiyorudishika kirahisi, kwamba hukukawia kuomba, na kwamba uko tayari kuweka dhamana kama Mahakama itataka. Nyumba ikishapanda kwenye hicho kipande hata ukishinda rufaa utakuwa na hukumu nzuri na ukuta wa mtu, hilo ndo la kueleza, na upige picha za mawe leo, zenye tarehe, na moja ionyeshe ule mnazi au mpaka unaojulikana ili Jaji aelewe ni wapi. Sikufichi, bila rufaa iliyosajiliwa hoja hii ni ngumu zaidi, wapinzani watasema unasimamisha kwa msingi gani wakati huna rufaa. Ndo maana maombi ya muda lazima yawe yameshasajiliwa na yana namba siku unapoomba hili.

Tarehe 21 nenda. Nenda hata kama una homa, ukikosa itaandikwa hakufika na amri ya kukazia itatoka palepale. Ukifika unampa Mwenyekiti nakala ya maombi yaliyosajiliwa Mahakama Kuu na kumwomba asubiri kidogo. Anaweza kukataa, hana lazima ya kusubiri, ila wengi wakiona namba ya shauri ya Mahakama Kuu wanaahirisha wiki mbili tatu. Bila namba unaenda kumwambia nini? Kwa hiyo una siku 11 za kusajili, na kila siku kati ya hizo ni siku nyingine ya kuielezea kwenye kiapo. Usajili sasa hivi ni kwa mtandao, ukishapandisha nyaraka wanakupa namba ya malipo, lipa siku hiyohiyo, usilale nayo, kumekuwa na ubishi mwingi kama nyaraka inahesabika imefika siku ilipopandishwa au siku ada ilipolipwa na huna sababu ya kuwa mfano wa huo ubishi. Lugha ni Kiswahili, tangu 2021 ndo lugha ya mahakama zetu, usimlipe mtu hela ya kutafsiri. Kama hela ya wakili mwingine haipo, watoa msaada wa kisheria wapo kwa Sheria ya 2017, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii pale wilayani au nenda kituo cha wanasheria wanawake, TAWLA, maombi kama haya wanayaandika.

Kitu kidogo ila usikiache, mpelekee mwenyekiti wa kijiji au mtaa barua kwamba kuna maombi Mahakama Kuu juu ya kipande hicho, akugongee muhuri kwenye nakala yako. Haizuii mtu kuuza kisheria, ila mnunuzi mwenye akili anaanzia hapo, na ukimzuia mnunuzi umepunguza mtu wa tatu wa kugombana naye.

Mahindi. Kama ni ya masika najua yanakaribia kukauka. Hukumu haijakaziwa bado na wewe ndo uko humo, kwa hiyo yaliyokomaa vuna sasa, mchana, ukiwa na balozi au majirani wawili wa kushuhudia, na piga picha kabla na baada. Yasiyokomaa yaache, tarehe 21 mwambie Mwenyekiti yapo na uombe muda wa kuyatoa, iandikwe kwenye mwenendo. Usipande kitu kipya hapo. Ukipanda mihogo wiki hii wataiweka kwenye kiapo kinzani kwamba unadharau hukumu, na itakuwa kweli.

Nisubirie hilo jibu la mirathi, na uje na kalenda ikiwa imejazwa.